Yule wa Pambizoni

Duka la vifaa vya shule, siku mbili kabla muhula haujafunguliwa, si mahali pa kuanzia mapenzi. Wazazi walikuwa wamebanana kutoka kaunta mpaka mlangoni, kila mmoja na orodha yake mkononi, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya msukumano huo dada mmoja alipigwa kumbo, kitabu alichokuwa amekikumbatia kikamponyoka na kupasuka mgongo. Kurasa zikatawanyika chini ya viatu vya watu.

"Jamani, msikanyage! Si changu hicho!"

Nani wa kumsikia? Alimsikia mtu mmoja tu, kaka mrefu mwenye shati la bluu lililokunjwa mikono, aliyefuata gundi. Alipiga magoti palepale akaanza kuokota, na kadiri alivyookota ndivyo alivyopanga kwa namba.

"Inakosekana mia na kumi na mbili," alisema. "Shangazi, samahani, inua mguu."

Shangazi akainua mguu, na mia na kumi na mbili ikapatikana.

"Umezipanga haraka hivyo?" dada aliuliza. Alivaa gauni la kijani lenye mkanda mweupe, na chini raba, maana alikuwa anatoka kazini. "Wewe ni mchawi?"

"Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Nipe siku mbili, nitakurudishia kikiwa kizima."

"Na nikikupa ukapotea nacho?"

"Chukua namba yangu. Nikipotea, nipigie unitukane."

Hakupiga kutukana. Alipiga kuuliza kama gundi imekauka, akapiga tena kuuliza kama imekauka kabisa, na mara ya tatu hata hakukumbuka kutaja gundi. Walizungumza mpaka sikio la Fundi likapata moto. Akajua kwamba yule dada alikuwa mpiga picha za mifupa hospitalini na kwamba majirani zake wote walimwita Eksirei. Akajua pia kwamba alikuwa anacheka kwa kukoroma kidogo, na hilo ndilo lililommaliza kabisa.

Kitabu kile kilikuwa cha Bibi Vitabu, mwalimu mstaafu aliyegeuza sebule yake kuwa chumba cha kuazimia hadithi. Bibi hakutoza kitu, ila alikuwa na sharti moja. Anayeazima lazima aandike kwa penseli pambizoni, kwenye ule weupe ulio pembeni mwa maandishi, jambo lililomgusa. Jina haliandikwi. "Mtu akijua anatazamwa husema uongo," Bibi alipenda kusema, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Eksirei alikuwa amemzika dada yake mkubwa miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakuazima ila hadithi za misiba: wajane, wazazi waliozika watoto, watu waliokosa na kutafuta njia ya kurudi kuwa watu. Fundi yeye hakusoma kabisa. Kwa mwaka alishona mamia ya vitabu na hakumaliza hata kimoja.

"Mpishi asiyeonja mchuzi," Eksirei alimtania.

"Mimi nakuonja wewe, inatosha."

"Ona mdomo huo!"

Alicheka naye, lakini ukweli ni kwamba Fundi aliogopa vitabu vya aina hiyo. Mama yake alifariki ghafla miaka tisa iliyopita. Tangu siku ile yeye na baba yake walikaa nyumba moja, wakala meza moja, na hawakumtaja hata mara moja. Kwa sababu ya kimya hicho hakuwa amempeleka mpenzi wake nyumbani, ingawa pete aliyokusudia kumvika ilikuwa tayari, kwenye droo ya uzi na sindano.

Basi Jumapili moja walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha Eksirei, Fundi akasikia kule kukoroma anakokupenda. Akageuka achekewe yeye. Kumbe kilichochekewa ni kitabu.

"Unacheka nini, laazizi?"

"Huyu mtu bwana! Ameandika eti mjane wa humu analia kwa mpangilio mno, machozi ya kweli hutoka pamoja na kamasi."

"Mtu gani?"

"Simjui, si hatuandiki majina? Tunajibizana tu tangu mwaka jana. Mimi naandika, kitabu kinarudi kwa Bibi, nikikiazima tena nakuta keshanijibu."

"Mwaka jana. Kabla yangu."

"Kabla yako, kipenzi. Wivu huo? Njoo kesho nikupige picha, tuone huo wivu umekaa ubavu wa ngapi."

Fundi alicheka meno tu. Na wivu, jamani, ukishapewa kigoda hauondoki bila kula. Tangu siku hiyo simu zake zikabadilika sura.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Unasoma?"

"Napiga picha goti la mtu, wewe! Niache."

Wiki ya pili Bibi Vitabu alileta boksi la vitabu vilivyochakaa ili vishonwe upya. Cha tatu kutoka juu kilikuwa kilekile cha kibarazani. Fundi alifunga mlango wa karakana, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasoma kitabu, ila alisoma pembeni tu.

Mwandiko wa Eksirei aliujua, mdogo na ulionyooka. Ule mwingine ulikuwa wa ovyo, herufi kubwa zilizolala huku na huku kama za mtu anayeandika akiwa garini. Kijana mvivu, Fundi alimhukumu, aliyekuwa anatoroka shule.

"Alipoondoka nilikuwa nimesinzia kitini," uliandika ule mwandiko wa ovyo. "Niliamka nikamgombeza kwa kuacha redio inapiga kelele. Nilimgombeza maiti."

"Hukumgombeza yeye," Eksirei alijibu. "Ulikuwa hujaambiwa bado. Usijifunge kwa kosa la mtu aliyelala."

Chini yake: "Ni wewe tu unayenielewa."

Na chini kabisa, kwa ule mwandiko mdogo ulionyooka: "Na wewe unanifariji kuliko watu ninaokula nao."

Fundi alisoma mstari huo mara nne. Watu ninaokula nao! Juzi tu walikula pamoja, alimmenyea chungwa kwa mkono wake mwenyewe. Roho ilimuuma vibaya, akaona moto. Kuna mwanamume aliyempa mpenzi wake machozi, na yeye Fundi alikuwa anampa machungwa.

Kitabu kikishonwa upya hupunguzwa kingo kwa mashine, unywele mmoja tu, kurasa zilingane. Fundi alikiweka chini ya kisu, akakisogeza ndani mpaka kisu kikasimama ubavuni mwa maandishi ya chapa. Akavuta mkono wa mashine. Penseli yote ikaanguka kwenye pipa la taka, vipande vyembamba visivyosomeka. Akakibandika jalada jekundu, zuri ajabu, na moyo wake ukatulia kwa muda wa kama dakika kumi.

Eksirei alimpigia Alhamisi.

"Umefanya nini?"

"Nimefanya nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Kitabu kimekuwa chembamba kama daftari la mtoto. Maneno yako wapi?"

"Kingo zilikuwa zimechakaa..."

"Mimi nimekuona ukikata vitabu, Fundi. Unapunguza kama unakata kucha. Hiki umekinyoa."

Uongo ukamshinda Fundi. "Alikuandikia kwamba ni wewe tu unayemwelewa! Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza. Mtu yule amefiwa! Aliweka msiba wake mahali pamoja tu duniani, na wewe umeutupa kwenye takataka." Sauti yake ilikatika. "Nilidhani una moyo uliofungwa, nikasema nitasubiri ufunguke. Kumbe una kisu. Usinipigie tena."

Alipiga mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Jumamosi mchana, Fundi alirudi nyumbani akiwa hana hamu hata ya maji. Baba yake alikuwa mezani. Mzee huyu alikuwa mchora mabango, nusu ya majina ya maduka mjini yalitoka kwenye brashi yake, mpaka kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia miaka mitatu nyuma. Siku hizi kila asubuhi aliaga kwamba anakwenda kucheza drafti. Mbele yake, siku hiyo, palikuwa na kitabu chenye jalada jekundu.

Mzee alikuwa anapitisha vidole vya mkono wa kushoto kwenye ukingo wa kurasa, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Baba. Unasoma?"

"Kumbe drafti ningechezaje na mkono huu, na wale wazee wanavyoiba kete?" Hakuinua macho. "Hiki umekishona wewe?"

"Ndiyo."

"Kazi safi. Lakini ulipokikata uliona kwamba kimeandikwa?"

Fundi alitazama ule mkono wa kushoto. Kando yake palikuwa na penseli fupi, na karatasi yenye herufi kubwa zilizolala huku na huku. Akavuta kiti, akakaa.

"Ni wewe," alisema.

"Nimejifunza upya, kama mtoto. Najua ni mwandiko wa aibu kwa mtu aliyekuwa na mkono kama wangu." Mzee alikifunga kitabu. "Nilikuwa nimeandika habari za mama yako. Si kitu. Maneno ya mzee."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Fundi alitaka kuomba radhi, lakini kilichomtoka mdomoni kilikuwa kingine, na kilitoka kwa kishindo.

"Kwa nini ulimwambia mtu baki? Miaka tisa, baba! Mimi mwanao niko hapa, unakula na mimi, halafu unamwandikia mtu usiyemjua kwamba ulikuwa umesinzia?"

Huo nao ulikuwa wivu, na ulikuwa mchungu kuliko ule wa kwanza.

"Wewe uliniuliza lini?" baba yake alijibu. "Tulizika Jumatano, Alhamisi ukaenda kazini. Nikikaribia kumtaja, unaondoa sahani. Nikasema, mwanangu hataki. Sasa mtu akanijibu kitabuni. Ningefanyaje, nisimjibu?"

Fundi aliinamisha kichwa juu ya meza akalia, na kamasi zikatoka. Baba yake akamwekea mkono wa kushoto kisogoni, wala hakumwambia anyamaze.

Jumatatu alikwenda hospitali. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa saa moja na nusu, katikati ya kijana aliyevunjika mkono na mama aliyeumia nyonga, mpaka mlango ukafunguka.

"Anayefuata! Ah. Wewe cheti chako kiko wapi?"

"Sina. Nimejua ni nani uliyekuwa unaandikiana naye."

"Umemfuata umpige?"

"Nakaa naye. Ni baba yangu."

Eksirei alishika fremu ya mlango. Macho yakamjaa machozi. "Aliyesinzia ni baba yako? Basi aliyefariki..."

"Ni mama."

"Na hukujua?"

"Nilijua amefariki. Mengine sikuyajua. Wewe umeyajua kabla yangu, na naona wivu mpaka sasa, sikufichi. Nisamehe."

"Nenda umsomee," Eksirei alisema akifuta uso kwa mkono wa koti. "Kifungue kile kitabu, soma hadithi mwanzo mpaka mwisho, kisha uandike kilichokugusa, kama watu wengine. Sitaki maua, sitaki simu. Nikisoma ulichoandika, nitajua kama kuna mtu wa kuolewa naye humo ndani. Haya, pisha wagonjwa."

Nyuma ya kitabu Fundi aliongeza kurasa nne tupu, akazishona kwa mkono. Akamsomea baba yake kila alasiri kwa siku sita. Kilikuwa kisa cha mtu aliyeondoka kwao kwa hasira, akarudi baada ya miaka kumi na kukuta aliyetaka kumwomba radhi hayupo. Siku ya saba akachukua penseli. Akaiweka chini. Akaichukua tena.

Eksirei alikikuta kitabu kwa Bibi Vitabu Ijumaa. Alisoma akiwa amesimama dirishani, mkoba begani.

"Siku ile simu ya mama ililia mara tatu. Niliiona. Nilikuwa nakata oda ya vitabu vya shule, nikasema nitampigia nikimaliza. Nilipomaliza, jirani ndiye aliyepiga. Sijamwambia mtu. Sikumtaja mama miaka tisa kwa sababu nikimtaja nasikia simu inalia."

Alishusha macho ajibu, penseli ikiwa tayari mkononi. Hakukuwa na nafasi. Chini palikuwa pamejaa herufi kubwa zilizolala huku na huku.

"Mwanangu. Alipokukosa alinipigia mimi, nikiwa bado kazini. Alitaka kukuuliza kama utakula nyumbani, apike wali au ugali. Nikamwambia una kazi nyingi. Akasema, basi nimwache afanye kazi, nitapika wali, ndio anaoupenda. Hakukasirika. Alikupikia."

Eksirei alikaa kwenye kiti cha Bibi bila kuombwa. Bibi akajifanya anapanga rafu. Baada ya kitambo Eksirei alitoa simu, na ilipokelewa kabla haijalia vizuri.

"Nimesoma," alisema.

"Na umesoma cha baba?" Sauti ya Fundi ilikuwa imekauka. "Aliandika nikiwa kazini. Nilikiona asubuhi, nikashindwa kushona kitu kutwa nzima."

"Nimekisoma. Na nina jambo la kukulaumu."

"Sema, laazizi. Nastahili nini tena?"

"Hayo yalikuwa maneno yako ya kwanza, na nilitaka kuyajibu mimi. Yeye amenitangulia, na amejibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Naona wivu, Fundi. Naona wivu wa kweli, mpaka hapa kooni."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Sasa tufanyeje?"

"Muulize kama Jumapili ana nafasi. Mje kwetu wote wawili, mkae na baba yangu, mseme mlichokuja kusema." Akavuta pumzi. "Na umwambie baba yako nitakubali."