Msomi na Mkono wa Koti

Suruali ya msomi ilichanika nyuma saa tatu na robo asubuhi, kwenye ngazi za jengo la maduka ya vitambaa, katikati ya watu. Aliteremsha begi likafunika palipochanika, akatembea ubavuubavu hadi mlango wa kwanza wenye cherehani.

Ndani mlikuwa na mama mnene aliyekuwa akibishana na mteja juu ya vifungo, na binti wa kaka yake, fundi aliyevaa gauni la samawati na futi shingoni.

"Dada, naomba unisaidie. Saa nne natakiwa chuoni, nawasilisha utafiti."

Fundi alikuwa mtu wa haya. Hakuinua macho. "Pita nyuma ya pazia, kuna shuka. Nirushie suruali."

Msomi akajifunga shuka, akakaa kwenye kigoda, akaanza kujikumbusha maneno yake kwa sauti. Alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu katika fizikia ya nadharia. Hakuwa na maabara wala vyombo. Kazi yake ilikuwa kalamu, karatasi na kompyuta. Alikuwa akikokotoa jinsi joto linavyosafiri kwenye utando mwembamba kupita vyote, wenye unene wa atomu moja tu.

"Tuchukulie kwamba utando huu hauna mwisho upande wowote," alisema.

Cherehani ikanyamaza. "Samahani," sauti ya fundi ikapita kwenye pazia. "Kitu kisicho na mwisho umekiona wapi?"

"Sijakiona. Tunachukulia hivyo ili hesabu iwe rahisi."

"Mimi nikichukulia kitambaa hakina mwisho, utatoka hapa na suruali ya mguu mmoja."

Shangazi alicheka hadi akasahau idadi ya vifungo. Msomi naye alicheka, kisha akaacha kucheka, akaandika kitu mgongoni mwa mkono wake.

Jioni alipiga simu kwa namba iliyobandikwa mlangoni pa duka.

"Suruali imechanika tena?" fundi aliuliza.

"Suruali ni nzima. Nilimweleza msimamizi wangu swali lako. Amesema nani kauliza, maana ni swali zuri kuliko yangu. Sasa nina sura nzima ya kuongeza."

"Basi pole."

"Usinipe pole. Kesho nakuja kupunguza shati."

Shati likapunguzwa. Wiki iliyofuata ikawa suruali, halafu shati lile lile.

"Baba," shangazi alimwambia, "likipunguzwa mara nyingine, utakuwa umevaa leso."

Msomi akaacha visingizio, akawa anakuja tu, na kila akija fundi alikuwa amekwisha kumwekea kigoda mahali pake. Chuo chao kilikuwa na utaratibu: anayetetea tasnifu hutumia robo saa ya kwanza kueleza kazi yake ili hata mtu wa mtaani aelewe, na wengi huvunjika shingo hapo hapo. Kwa hiyo msomi alieleza, fundi akashona, akamkatiza kila alipopotea. Kati ya maelezo waliambiana mengine. Msomi alimwambia kwamba ufadhili wake unakwisha mwezi wa sita, na asipofaulu safari hii, miaka minne imekwenda na maji. Fundi naye, akiwa ameinamia sindano, alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mteja: aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua, akabaki kulea wadogo zake.

"Hesabu nilikuwa naipenda," alisema. "Niliishia kwenye sehemu, nusu na robo."

"Kipenzi, wenzangu wengine waliishia hapo hapo, ila hawajaambiwa."

Fundi alicheka kwa kujificha nyuma ya kitambaa. Siku hiyo alianza kumshonea koti la utetezi, la kijivu, bila kumwambia.

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya utetezi, fundi alilibeba koti hadi idarani amshtukize. Alipanda hadi ghorofa ya tatu, akapita milango yenye majina ya madaktari, akakuta wa msomi uko wazi kidogo. Ndani, msomi alikuwa akiongea kwa simu na mwanafunzi mwenzake, akicheka.

"Wewe hangaika na wanafunzi wako. Mimi ninaye wangu wa kumjaribia. Fundi cherehani, darasa la tano, hajui chochote. Akielewa yeye, jopo zima litaelewa."

Fundi alilitundika koti kwenye kitasa cha mlango, akashuka ngazi.

Msomi alipolikuta, alilivaa, akaona limemkaa kama ngozi. Kisha akatazama kitasa, akatazama simu iliyokuwa bado mkononi, akajua nani alikuwa mlangoni na amesikia nini. Alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akapokea shangazi.

"Fundi hayupo," shangazi alisema. "Amekaa hapa mbele yangu, ameniambia niseme hayupo."

Siku tano msomi hakuandika mstari. Msimamizi wake, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, alisoma maelezo yake, akauliza, "Yule mtu wako aliyekuwa anakukatiza yuko wapi? Hapa unaongea peke yako."

Siku ya sita akaenda dukani. Akasimama mlangoni.

"Nilisema," alianza. "Siwezi kukuambia sikusema. Nilitaka kumringia mwenzangu, nikakutumia wewe."

Fundi, aliyezoea kunyamaza, safari hii hakunyamaza. "Darasa la tano ni kweli, halinikeri. Ila 'hajui chochote'? Miaka tisa nimekaa kwenye kiti hiki." Akavuta koti la mteja lisilo na mikono, akamsukumia pamoja na mkono uliokatwa na sindano yenye uzi. "Haya, msomi. Tia mkono."

Msomi akakaa. Akapima tundu la bega kwa futi, akapima kichwa cha mkono, ukingo wake wa juu, akapima tena. Akaandika kwenye karatasi. Baada ya nusu saa akasema kwa upole, kama mtu anayempa mwenziwe habari mbaya, "Mkono umekatwa vibaya. Umezidi tundu kwa sentimita tatu. Haviwezi kuingiana."

Shangazi akageukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Lazima uzidi," fundi alisema. "Bega lako ni bapa?" Akapitisha uzi wa kuvutia ukingoni, akauvuta kidogo kidogo, akazigawanya zile sentimita tatu kwa vidole hadi zikapotea bila mkunjo hata mmoja. Kitambaa kilichokuwa bapa mezani kikainuka, kikawa bega la mtu.

Msomi akalishika, akaligeuza ndani nje, akatafuta zilipokwenda zile sentimita. Hakuziona.

"Nani kakufundisha?"

"Shangazi. Na makoti niliyoharibu."

"Sasa nani hapa hajui chochote?" shangazi aliuliza akiwa bado ameelekea ukutani.

"Ni mimi," msomi alisema. "Nisamehe, fundi. Naomba unifundishe tena, polepole."

Fundi alimtazama, safari hii bila kuinamisha macho. "Fumua," alisema. "Anza upya."

Siku ya utetezi, ukumbi mdogo ulijaa. Fundi alivaa gauni la zambarau lenye kiuno chembamba alilolishona wiki hiyo, akakaa kati ya shangazi yake na mama yake msomi. Robo saa ya kwanza, mama yake msomi alikuwa akiitikia kwa kichwa, akielewa, na mjumbe wa jopo kutoka chuo kingine akaweka kalamu chini ili asikilize. Maswali yalichukua saa mbili. Kisha msomi na wasikilizaji wakatolewa nje, wakasubiri, mlango ukafunguliwa, na msimamizi akasema kwa ufupi, "Hongera, daktari."

Vigelegele vya akina mama vilipotulia kidogo, msomi alimvuta fundi pembeni ya dirisha.

"Nimepata kazi ya utafiti ya miaka miwili, mbali, nchi ya baridi. Sitaki kwenda peke yangu. Nataka nikuoe, laazizi, kama utanikubali."

Miezi mitatu nyuma fundi angefikiria chuo, watu waliosoma, lugha asiyoijua, angekataa kabla hajamaliza kusikia.

"Baridi kiasi gani?" aliuliza.

"Miezi saba watu hawavui makoti."

Fundi akalinyoosha bega la koti la kijivu alilovaa msomi kwa kiganja, taratibu.

"Basi huko kazi ninayo," alisema. "Mwambie mama yako aje kuzungumza na shangazi."