Mioyo Arobaini kwa Mmoja

Mama Ipyana, jirani wa wafiwa mlango wa pili, anashikilia kwamba maiti ndiye aliyegeuza gari. Kwa simulizi yake, marehemu Bibi Numwagile hakutaka kuzikwa kwenye makaburi mapya; alitaka alale karibu na mumewe. Walipofika Njia Panda ya Mteremkoni hasira zikampanda humo humo ndani ya jeneza, akaupiga usukani teke, gari likaingia mtaroni. Siku ya kwanza Mama Ipyana alisema amesimuliwa na muuza ndizi. Siku ya pili yeye mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Kufika siku ya tatu alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa gari kwa mkono wake, na pale kilioni hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumuuliza alifikaje.

Tusekile, dereva wa gari hilo, aliyasikiliza yote, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa. Hakubisha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na tangu utotoni walimjua kuwa mtu wa kutazama kwanza, kusema baadaye. Ila jambo moja Mama Ipyana alikuwa amelipatia pasipo kujua: usukani uligeuzwa kweli, na aliyeugeuza si Tusekile.

Miaka hiyo barabara za Mbeya zilikuwa barabara sikivu. Chini ya lami zilipita nyaya nyembamba kama uzi wa kufumia, zikisikiliza mapigo ya moyo ya kila aliyepita juu yake. Gari likipita tu, barabara inajua limebeba watu wangapi. Hesabu hiyo ilikwenda kwa Mwelekezi, mashine isiyo na sura wala umbo, iliyowekwa kwenye jengo la vioo chini ya mlima Loleza. Mwelekezi ndiye aliyeyaendesha magari yote ya mji, maelfu kwa maelfu, yakapishana bila honi na bila matusi. Ajali zilipungua mpaka wodi za waliovunjika mifupa zikageuzwa stoo. Watu walisahau hata namna ya kushika usukani.

Wafu tu ndio waliobaki nyuma. Chama cha kufa na kuzikana cha akina mama wa Isanga kilikataa katakata kuwakabidhi kwa mashine. Kwao maiti hasafiri peke yake, na anayemsindikiza humweleza njia: mama, tumetoka nyumbani, mama, hapa ni sokoni, sasa tunavuka mto, usiogope. Mashine inaweza kubeba jeneza, walisema, lakini itamwambia nini mtu wetu? Baada ya mvutano wa miaka miwili wakapewa kibali cha usukani, kwa sharti moja: gari lao lifungwe mkono wa dharura. Hicho kilikuwa kifaa cha chuma, ukubwa wa kiganja, kilichouma shina la usukani, ili hatari ikitokea Mwelekezi aweze kufunga breki. Kufunga breki tu. Ndivyo ilivyoandikwa.

Asubuhi ile ya ajali Tusekile alikuwa peke yake garini na marehemu; jeneza lilifunguka, na watoto wa Bibi Numwagile, waliokuwa wakifuata nyuma, wakamwona mama yao kwenye matope. Ofisi ya Mwelekezi ikatoa picha iliyopigwa na jicho la juu ya nguzo: gari jeusi linashuka, mikono miwili iko kwenye usukani, usukani unakata kushoto. Dereva alisinzia, wakaandika. Kikao cha kufuta kibali kikapangwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Kibali kikifutwa, wafu wa Isanga wangebebwa na sanduku-mwendo, lisilo na dereva wala kiti cha msindikizaji.

Mama Subilaga, mwenyekiti wa chama, alimfuata Tusekile jikoni na kufunga mlango nyuma yake.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Ulisinzia?"

"Sikusinzia, mama."

"Basi nenda ukaombe msamaha hivyo hivyo. Wakubwa wakiombwa msamaha hulainika. Watatuachia gari letu."

"Nikiomba msamaha nitakuwa nimekiri kwamba nilimtupa Bibi Numwagile mtaroni. Kiapo hicho mimi siwezi kukila."

Kesho yake alfajiri alichukua kigoda na daftari la shule, akaenda kukaa Mteremkoni karibu na muuza ndizi. Akakaa asubuhi tisa. Muuza ndizi alimtania kwamba kama anatafuta mchumba angevaa gauni zuri zaidi. Tusekile akacheka, akaendelea kutazama. Saa moja na dakika arobaini kila siku basi la Tukuyu lilishuka mteremko limejaa, na halikupunguza mwendo hata kidogo. Magari yaliyokuwa njia panda ndiyo yaliyolipa njia. Mara tatu katika siku hizo tisa nafasi haikutosha, na mara zote tatu gari moja lilisukumwa hadi ukingoni mwa mtaro: la mwalimu mmoja, la mzee aliyebeba vifaranga, la kijana wa duka la dawa. Tusekile alichora mistari kwenye daftari. Gari lenye watu wawili halikuguswa. Lenye watatu halikuguswa. Aliyesukumwa kila mara alikuwa peke yake.

Alipomwonyesha muuza ndizi ile mistari, mama huyo aliacha utani. Akasema mwaka jana hapo hapo alikufa muuguzi aliyekuwa anatoka zamu, Bupe jina lake, mteja wake wa ndizi mbivu. Naye waliandika kwamba alisinzia, akaangukia usukani. Mumewe mpaka leo huona haya kulitaja jina lake mbele za watu, maana mke aliyeangusha gari ni aibu ya ukoo mzima.

Kutoka hapo Tusekile hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Mabatini kwa Gwakisa, fundi umeme wa magari, ambako gari la chama lilikuwa limepelekwa kutengenezwa, akamwambia anataka kamera ya kufunga kwenye kioo cha mbele.

Gwakisa alimtandikia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na umbo la yai, Ofisi ilikuwa inaigawa bure, na kila ilichokiona ilimwambia Mwelekezi papo hapo. Tusekile aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja. Ya pili ilikuwa na macho mawili na skrini pana, nzuri kweli kweli, ila ingeonekana tangu ng'ambo ya mji. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kiberiti, nyeusi, imechubuka pembeni. Haikujua kuzungumza na mtandao wowote. Ilichokiona ilikitunza kwenye kadi yake yenyewe, kadi ya ukubwa wa ukucha. Ikijaa, ilifuta ya zamani na kuanza upya.

"Hiyo ni bubu," Gwakisa alisema. "Niliitoa kwenye gari la babu yangu. Hata mwizi mwenye shida haibebi."

"Nipe hiyo."

"Dada Tuse, wenzio wanakwenda mbele, wewe unarudi nyuma."

"Mbele si ndiko kwenye mtaro?"

Gwakisa akachukua vifaa. Alisema gundi haielewani na baridi ya Mbeya, kwa hiyo wakasubiri hadi saa nne, jua lilipokifikia kioo. Akapangusa kioo kwa spiriti, akaibandika kamera nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, akaibana kwa kidole gumba huku akihesabu hadi sitini. Waya aliushindilia chini ya kitambaa cha dari kwa mpini wa kijiko cha plastiki, akaushusha pembeni mwa mlango, akaupitisha chini ya dashibodi hadi kwenye fyuzi inayoamka ufunguo ukizungushwa, ili gari likilala kamera nayo ilale, isinyonye betri. Ilikuwa kazi safi. Hakuna waya uliochungulia.

Walipoijaribu, picha ikaja imejaa maua. Akina mama wa chama walikuwa wametandika dashibodi kitambaa cheupe cha kufuma, na jua lilikitupa chote kwenye kioo, barabara ikajificha nyuma ya mashada ya uzi. Gwakisa akanyoosha mkono akiondoe.

"Kiache," Tusekile alisema. Aliitazama picha kwa muda mrefu: maua, kivuli cha usukani, kivuli cha vidole vyake. "Usiondoe kitu. Igeuze kamera. Iniangalie mimi."

Gwakisa akaangua kicheko. Alisema tangu aanze ufundi hajaona mtu anayefunga kamera ya barabarani ikaipa barabara mgongo, labda kama dada anataka kujitazama uzuri wake.

"Barabara ina macho ya kutosha, fundi. Kila nguzo ina jicho. Mikono yangu ndiyo haina shahidi."

Kicheko kikakatika. Akaibandua kamera taratibu, akaanza upya na spiriti.

Alhamisi, siku moja kabla ya kikao, Tusekile alitoa gari likiwa tupu. Mama Subilaga alitaka kupanda naye, akamkatalia, maana wakiwa wawili hesabu ingeharibika. Akafunga mkanda, akashindilia mito miwili ubavuni, akawasha. Alikuwa amekusudia kuendesha kimya. Lakini kinywa kilizoea njia ile, na alipopita genge la kwanza alijisikia anasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Tusekile, tumetoka nyumbani." Kisha, "Tusekile, hapa ni sokoni."

Mteremkoni alifika saa moja na dakika thelathini na tisa. Upande wa kulia lilikuwepo gari lenye watoto watatu wa shule, nyuma yake mume na mke. Basi likatokeza juu, likishuka na mwendo wake wote. Tusekile alipunguza gari mpaka likatambaa. Ndipo akaachia usukani, akainua mikono yote miwili, mzima na mgonjwa, vidole vimetanuka, mpaka vikagusa dari.

"Tusekile, tumefika njia panda," alisema. "Usiogope."

Usukani ukazunguka kushoto wenyewe, taratibu, kama mtu anayezungusha ufunguo wa nyumba yake.

Alipojitoa mtaroni mdomo ulikuwa unavuja damu. Kabla watu hawajamfikia alikuwa ameichomoa kadi kwa ukucha na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Kikaoni walikuwa watu watatu na karani. Aliyekaa katikati alikuwa mhandisi Mwaisumo, mmoja wa waliolaza nyaya za kwanza chini ya lami, mtu mpole wa sauti ya chini. Tusekile hakujitetea kwa neno lolote. Aliomba tu kadi isomwe ukutani, mbele ya wote. Wakaona kitambaa cha kufuma, wakaona mikono ikipanda, wakasikia sauti ikimfariji mtu asiyekuwemo. Wakaona usukani ukizunguka. Mwaisumo aliomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili aliwaambia wenzake hakuna haja ya kubishana na jambo lililoko ukutani.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Mkono wa dharura ulifundishwa kugeuza usukani tangu mwaka wa pili wa kibali chao, kwa sababu basi lile likifungiwa breki pale mteremkoni linapinduka. Ndani yake kuna mioyo arobaini. Basi Mwelekezi huangalia magari yaliyoko njia panda, akaliondoa lenye moyo mmoja.

"Zamani pale walikufa watu kila mwezi," alisema. "Sasa ni mmoja kwa mwaka, pengine wawili. Ungekuwa mimi, binti, ungechagua nini?"

"Sijui, mhandisi. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini huyo mmoja, mlimwambia?"

"Angeambiwa, asingepanda gari."

"Na akishakufa mnaandika alisinzia."

Mwaisumo alipanga karatasi zake zikalingana. Kisha akasema kwamba kikao kiko tayari kumaliza jambo hili kwa heri. Kibali kitabaki. Gari litatengenezwa. Zaidi ya hapo, Mwelekezi ataelekezwa kwamba gari la maiti la Isanga lihesabiwe mioyo arobaini, siku zote, hata likiwa na dereva peke yake, halitaguswa tena. Wanachoomba ni kadi ibaki mezani.

Mama Subilaga, aliyekaa nyuma, alimgusa kiwiko. Kilikuwa kila kitu walichokifuata, na zaidi.

"Bibi Numwagile hakuwa na moyo hata mmoja unaopiga," Tusekile alisema, "na leo mnampa arobaini. Bupe alikuwa nao. Yeye mlimhesabu nini?"

Tusekile alisimama, akaichomoa kadi kwenye mashine yao, akaifunga tena kwenye pindo la kanga, kifundo juu ya kifundo. Akasema haombi tena kibali, wakitaka wakifute. Wala hawana haja ya kumfuata nyumbani, kwani mume wa Bupe ameiona tayari, na mwalimu, na mzee wa vifaranga, na wote wako nje ya lango wanangoja. Alikuwa na ombi moja tu, tena kwa mhandisi mwenyewe.

"Jumatatu, saa moja na dakika arobaini, naomba upite Mteremkoni. Bila msaidizi wala mlinzi. Upande gari lako peke yako, kama Bupe. Mimi nitakuwa nimekaa kwa muuza ndizi, na kamera yangu bubu nitakuwa nimeifunga kwako, inakuangalia mikono. Ninaomba hilo, mhandisi. Utapita?"

Ukutani picha ilikuwa imesimama pale pale ilipokomea, mikono miwili imegusa dari. Mwaisumo aliitazama. Karani alikuwa ameshaandika swali kwenye kitabu cha kikao, ameacha mstari mmoja mtupu chini yake, na kalamu yake ilibaki hewani, akimtazama mhandisi usoni, akisubiri aandike nini.