Mkono wa Dalmas Kwenye Stima

Nekesa aliteremka Ruiru saa kumi na mbili jioni akiwa na shughuli ndogo tu: kukitoa kijisanduku cha kupimia volti kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma cha marehemu kaka yake, Dalmas, kisha arudi zake Thika kabla giza halijaingia. Dakika tano. Bisibisi ilikuwa mkobani.

Vijisanduku hivyo alikuwa navyo arobaini kwa utafiti wake wa chuo, kati ya Ruiru na Thika, vikifuatilia stima inavyopanda na kushuka. Kompyuta yake alikuwa ameifundisha kusoma kila mshtuko wa volti na kusema umesababishwa na nani: posho mill hii ya kusagia unga, pampu ya maji ile. Ilikuwa na akili ya kuudhi. Iliwajua hata mafundi wa welding mmoja mmoja, kwa mikono yao.

Mkono wa Dalmas ulikuwa rahisi kuliko yote. Miguso miwili myepesi. Kimya. Halafu mvuto mrefu. Katika kile kimya alikuwa akipaaza sauti, "Macho!" ili anayemshikia chuma afumbe macho, naye yule alipaswa kujibu, "Piga!" Bila jibu, Dalmas hakupiga. Nekesa alimshikia vyuma likizo zote za sekondari, na jibu hilo lilimtoka hata usingizini.

Dalmas alikufa mwezi wa Aprili, kwenye kibanda chake, mvua ikinyesha. Alipigwa na stima. Baada ya mazishi waya wa kibanda ukakatwa kule juu kwenye nguzo.

Lakini wiki hii, kila siku saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, kompyuta ilikuwa ikiandika jina lake. Miguso miwili, kimya. Mvuto mrefu haukuja.

"Kifaa kimeharibika," mwalimu wake, Mwau, alimwambia. "Nenda ukitoe tu." Nekesa alimshukuru, maana alitamani sana kumwamini.

Mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

Harufu ya chuma kilichoungua ilimpokea mlangoni. Harufu mbichi, ya sasa hivi... Becky, mjane wa Dalmas, alikuwa amesimama gizani ameshika geti ambalo mumewe hakulimaliza. Amelishika kwa mikono miwili mitupu, vile watu humshikia fundi.

"Becky?"

"Shhh. Sis, saa yake imekaribia."

"Saa ya nani?"

"Anakujanga kila jioni. Anasema macho, nafumba. Halafu hafanyi kitu... anangoja tu." Becky alinong'ona bila kugeuka. "Anangoja nini, sis? Si wewe ndio ulikuwa unamshikia? Akimaliza hii geti, si atapumzika?"

Nekesa alimsogelea haraka. Alijua vizuri Dalmas anangoja nini, na Becky alikuwa ameshika chuma.

"Wacha hiyo geti. Twende nje."

"Siwezi."

"Becky, wacha!"

"Nimekwambia siwezi. Mikono haitoki."

Nekesa alimkumbatia kiunoni akavuta kwa nguvu zake zote. Becky hakusogea hata kidogo. Ukutani, kijisanduku kikawaka. Kilipaswa kusoma sufuri.

Kilisoma 240.

212.

240.

212.

240...

Kimya.

"Macho!"

Sauti ilitoka karibu mno, nyuma ya sikio lake, na ndani yake kulikuwa na kile kicheko kidogo cha Dalmas. Nekesa alijiziba mdomo kwa kiganja, neno likiwa tayari ulimini. Machozi yakamtiririka. Alikuwa na hamu sana ya kumwona kaka yake, na sasa alimwogopa.

"Unajua anangoja nini," Becky alisema, akianza kulia. "Unajua na unanificha. Kwa nini hutaki apumzike?"

Tangu Aprili Nekesa alikuwa amemeza jambo moja. Siku ile ya mvua yeye ndiye aliyempigia Dalmas simu, akimwomba apige mara moja tu, apate kipimo kimoja cha mwisho cha kuifundishia kompyuta. Dalmas alilalamika kwamba maji yameingia mpaka ndani, kisha akacheka. "Haya basi. Macho!" Nekesa hakumwambia mtu alichojibu. Hata mazishini, Becky alipomlilia begani, alinyamaza. Sasa aibu ilimshinda, akautoa mkono mdomoni.

"Ni mimi, Becky. Nisamehe. Aliniuliza kwa simu, na mimi ndio nilimwambia piga."

Alilisikia neno likimtoka.

Mwanga mweupe ukajaa kibanda.

Becky hakufa. Viganja viliungua, akalazwa. Fundi wa stima aliyekuja kesho yake alieleza kwamba ncha ya waya uliokatwa ilikuwa imelegea kule juu, na upepo ukivuma inagusa mabati. Mishtuko yote ilitoka hapo. Nekesa alikubali haraka. Hakumuuliza ni nani aliyeunga pembe ya mwisho ya geti, maana kiungo kile kilikuwa kimenyooka sawasawa, jinsi Dalmas alivyopenda, na alipokigusa kilikuwa bado na joto.

Hospitalini Becky hakumlaumu. Alimtazama tu mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Ijumaa jioni Nekesa alifika kwake Thika, akaweka mkono kwenye komeo la mlango wake wa chuma. Balbu ya kwenye korido ikafifia. Ikarudi. Ikafifia tena, ikarudi.

Kimya.

Harufu ya chuma kilichoungua...

Alijaribu kuliachia komeo. Mkono haukutoka.

Simu ikalia kwenye mkono wa pili. Alikuwa Becky. Nekesa alibonyeza kwa kidole gumba, akaiinua sikioni.

"Sis," Becky alisema polepole, bila hasira yoyote, "lile neno ulimwambia siku ile... lilikuwa gani tena?"