Wageni Hukaa

Ijumaa hiyo saa sita mchana, pale San Tomà, foleni ya kuvuka mfereji mkubwa wa Venisi ilikuwa imerudi nyuma mpaka uchochoroni. Kila mtu alikuwa na haraka, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye koti la njano aliyekuwa akigombana na ramani. Loris, mvushaji, alimwona tangu mbali. Makoti ya namna ile hayakuwahi kumpita.

"Dada, ramani umeishika kichwa chini."

"Najua. Tangu asubuhi nimeishika vizuri na haikunisaidia kitu. Nimeona niijaribu hivi."

Mzee Ferruccio, aliyekuwa akipiga kasia la mbele, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Loris, wa kasia la nyuma, alikuwa na miaka thelathini na minne, fulana ya mistari, mabega mapana na mdomo usiokaa kimya.

"Haya panda. Sanduku weka katikati, wewe kaa pale."

"Mbona wengine wote wamesimama?"

"Wale ni wa hapa. Wageni hukaa."

"Nani kapitisha hiyo sheria?"

"Mashua yenyewe. Subiri utaona."

Akasimama vilevile, kwa ubishi. Mashua ikayumba, naye akaudaka mkono wa mama mmoja mtu mzima aliyebeba kapu la samaki na vitunguu. Yule mama hakutikisika hata kidogo.

"Nishike tu, mwanangu. Mimi nilianza kuvuka hapa nikiwa tumboni." Kisha akageuka nyuma. "Loris, huyu hakubali kukaa. Muulize jina."

"Mama, niko kazini."

"Basi nitamuuliza mwenyewe."

Ndivyo Bi Dina alivyomtafutia mwanawe mchumba katikati ya mfereji. Jina aliitwa Ornella, kwao Torino, na alikuwa akija Venisi kila Ijumaa kwa shughuli za kampuni na kurudi Jumapili jioni. Shughuli gani, hakusema, na Loris hakuuliza. Msomaji aliweke akilini hilo la kutouliza, maana ndilo lililowaponza.

Tangu siku hiyo, simu ya Loris ikawa haipumziki siku za Ijumaa.

"Loris, nimepotea."

"Unaona nini?"

"Kisima na paka."

"Mpenzi, visima na paka hapa havina idadi. Angalia juu."

"Kuna shuka za buluu zimeanikwa. Na chupi moja ya kuwatosha watu watatu."

"Hapo ni kwa fundi viatu, na usimcheke mkewe. Pinda kushoto, pita chini ya nyumba, vuka daraja lisilo na ukingo. Utatokea mlangoni kwa mama. Na vibao vya njano usivifuate."

"Kwa nini?"

"Ni vya wageni. Vitakupeleka kwa wageni wenzio, mkapotee pamoja."

Akamfundisha kutembea upande wa kulia, kutosimama juu ya daraja, kubeba sanduku kwenye ngazi badala ya kuliburuza likapiga kelele mtaa mzima. Bi Dina akampikia ini kwa vitunguu, akampa kiti cha dirishani, kile cha marehemu mumewe. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, lakini Bi Dina alizaliwa ndani yake, na hakuna aliyemkumbuka mwenye nyumba isipokuwa bomba likipasuka.

"Siku utakayovuka umesimama bila kumshika mtu," Loris alimwambia, "nitakuuliza swali."

"Swali gani?"

"Vuka kwanza."

Ijumaa moja ya mwezi Machi Ornella akavuka amesimama wima, mikono yote miwili mfukoni, pua juu kama bibi wa sokoni. Mzee Ferruccio aliacha kasia akapiga makofi.

"Haya, uliza."

"Jumapili, mezani, mbele ya mama. Hata wewe una haraka?"

"Mimi? Wala." Lakini alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Loris alikwenda kuisugua pete ya bibi yake kwa dawa ya meno, akaifunga kwenye leso. Jumamosi mchana alipopanda ngazi za nyumbani akifikiria pete hiyo, alikutana na Ornella akishuka. Mkononi alikuwa na mafungu ya funguo. Nyuma yake wanaume wawili wa suti, mmoja akikunja futi ya kupimia.

"Ornella, hawa ni nani?"

Mmoja akajibu kwa furaha kabisa. "Wa kampuni, bwana. Nyumba inauzwa. Tutaigawa vyumba vitano vya wageni."

"Loris, nisikilize," alisema Ornella. "Nimeiona kwenye orodha juzi tu. Nimekuja ili..."

"Kumbe ndiyo kazi yako."

"Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa naogopa kukwambia. Naomba unisikilize dakika moja."

"Siku zote zile za simu. Pinda kushoto, pita chini ya nyumba. Kumbe nilikuwa nakuelekeza mlangoni kwa mama yangu uje umpime."

"Si hivyo."

"Fuata vibao vya njano, dada. Vitakufikisha stesheni."

Ornella alipiga simu mara nyingi wiki ile. Loris hakupokea. Alituma ujumbe mrefu, Loris akaufuta bila kuusoma, akajiona mwanamume. Mama yake akamwambia mpigie, akamwambia tena, naye akajibu kwamba jina lile lisitajwe.

Loris na mama yake waliruhusiwa kukaa mpaka Oktoba, miezi sita zaidi ya walivyotarajia. Loris akadhani ni bahati. Kisha wakahamia Mestre, bara, ghorofa ya nne, dirisha likitazama kituo cha basi. Bi Dina akaacha kutoka. "Nitoke niende wapi?" alikuwa akisema. "Hapa hakuna pa kuvuka."

Jioni moja ya Desemba, akimenya vitunguu, alisema bila kuinua kichwa, "Yule msichana aliandika kwamba ngazi zetu hazifai kwa wageni. Kwamba watavunjika miguu. Ndiyo tukapata ile miezi sita. Kampuni ikatuma mtu mwingine, yeye wakamfukuza kazi."

Loris akakaa chini. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Alikuja mara tatu, wewe ukiwa kazini."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Alinikataza. Alisema, akitaka kujua atauliza." Akafuta macho kwa mkono wenye kisu, na haikuwa kwa ajili ya vitunguu. "Nilingoja uulize, Loris. Hukuuliza."

Usiku huohuo Loris alimpigia Ornella. Namba haikuwa ikitumika tena.

Aprili iliyofuata, Ijumaa, koti la njano likatokea kwenye foleni ya San Tomà. Pembeni yake alikuwapo mwanamume mpole wa miwani, ramani mkononi, na pete mpya kabisa kidoleni. Ornella naye alikuwa nayo. Alimsalimia Mzee Ferruccio kwa kichwa, akapanda, na yeye aliyekuwa akivuka mikono mfukoni akakaa chini kwenye ubao, magoti pamoja.

"Mbona wale wamesimama?" aliuliza mumewe.

"Wale ni wa hapa," alisema Ornella. "Wageni hukaa."

Loris alipiga kasia akitazama kisogo chake. Walipofika ng'ambo mume alishuka kwanza na sanduku. Ornella akabaki nyuma kidogo.

"Mama hajambo?"

"Hatoki nje siku hizi. Ornella, ukweli niliujua nimechelewa. Nilikuwa nataka..."

"Ulikuwa na swali, Loris. Ningejibu ndiyo kabla hujalimaliza." Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Mimi nami nilikuwa na jibu la kukupa pale kwenye ngazi. Hukulitaka."

Akapanda gati, akamshika mumewe mkono. Kulia kwao ulikuwa uchochoro wa njia ya mkato, ule aliofundishwa na Loris. Ornella aliutazama, kisha akafuata kibao cha njano.

Saa kumi na moja Loris alimaliza zamu, akaenda kupanda basi la Mestre pamoja na watu wa masanduku na ramani. Tangu ahamie bara, safari zote alisafiri amesimama, hata viti vikiwa vitupu, na dereva alishazoea kumtania. Siku hiyo alitafuta kiti cha nyuma, akakaa.