Mistari ya Chini ya Kioo

Kizibaji kilitema povu-jiwe kwa sauti ya mtu anayesukutua mdomo. Kilikuwa mashine kubwa kama lori, yenye miguu sita na bomba nene la mpira la kutemea. Kazi yake ilikuwa kujaza mahandaki ya wachimbaji wa zamani, ambayo jiji la Kilindi Mpya lilijengwa juu yake bila mtu kuuliza. Povu likigusa hewa liligeuka jiwe kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Maghorofa yaliacha kuzama. Watu walipiga makofi.

Kwenye mlango wa handaki la kumi na moja, kizibaji kilisimama.

"Tena!" alifoka Ngwandu, mkuu wa zamu, ndani ya chumba cha udhibiti. "Hamduni, bonyeza enta."

"Usibonyeze," alisema Naelijwa Mshana.

Alikuwa mhandisi wa programu. Makao makuu yalimtuma asubuhi hiyo achunguze kwa nini mashine inasimama-simama, na tangu aingie hakuna aliyempa hata kiti.

"We mama," alisema Ngwandu, "mwaka mzima tunabonyeza enta. Kinashtuka, kinaendelea na kazi. Ndivyo kilivyo."

"Hakuna mashine inayosimama hivihivi. Inasubiri kitu."

"Inasubiri uondoke," alisema Hamduni, mwendeshaji, akacheka peke yake.

"Handaki liko tupu?"

"Wapimaji wanaokagua ndani wametoka wote."

"Nani kahakikisha?"

"Mimi!" Ngwandu aligonga meza. "Unataka niape?"

Naelijwa aliinamia kioo cha kompyuta. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la dukani, na mstari wa mwisho ulikuwa uchafu mtupu, herufi zimepandana kama kanga iliyochapwa mara mbili.

"Nani amekuza maandishi?"

Hamduni alimtazama bosi wake, kisha akatazama sakafu. Kila zamu, kabla Ngwandu hajaingia, mtu mmoja alikuwa na kazi ya kukuza maandishi. Mkuu hakutaka miwani, na hakuna aliyethubutu kumwambia avae. Ilikuwa sehemu ya kukabidhiana zamu, kama kufuta meza.

"Macho yangu yanakuhusu nini?" aliuliza Ngwandu.

"Programu hii ni ya maandishi matupu. Iko kwenye kompyuta ya Linux ndani ya tumbo la kizibaji, na tunaifikia kwa waya. Waya haupeleki habari za ukubwa wa dirisha. Mkikuza maandishi hapa, mistari inayoenea kwenye kioo inapungua, lakini kule programu haijui. Inaendelea kuandika mistari ya chini ambayo haina pa kukaa."

"Hotuba imekwisha? Povu linaganda kwenye mpira." Ngwandu alinyoosha mkono juu ya bega la Naelijwa kuifikia enta.

Naelijwa akauzuia kwa kiwiko, kwa nguvu. "Ukigusa hapa nitakuvunja kidole, mzee."

Aliiweka programu kando bila kuifunga, akaandika amri ya kuuliza ukubwa wa dirisha, stty size. Jibu likaja: 50 160.

"Namba ya kwanza ni mistari. Inadhani ina hamsini. Kioo chenu kinaonyesha ishirini na minne. Nusu ya maneno yake hamjawahi kuyaona."

Akaipa ukubwa halisi, stty rows 24 cols 80, kisha akairudisha programu. Kioo kilifutika, kikajichora upya. Mstari wa mwisho ulisomeka vizuri:

JOTO LA MWILI NDANI: MTU 1. ENDELEA? [NDIYO] HAPANA

Hamduni aliondoa mikono mezani kana kwamba imeungua. Kila mwendeshaji alijua kwamba enta tupu huchagua neno lililo ndani ya mabano.

Naelijwa aliandika HAPANA. Kizibaji kilikunja mpira wake, kikarudi nyuma.

Redio ilikwaruza. "Zamu, Shija hapa," ilisema sauti ya mpimaji, ikikohoa. "Nilirudi handakini kuchukua kipimo changu, redio ikakata. Jamani, mbona hilo dude mmeniwekea mlangoni?"

Naelijwa alikuwa bado anasoma. Chini ya swali lililokwisha kujibiwa ulikuwa umetokea mstari mwingine:

NDIYO YA MWISHO MTU AKIWA NDANI: HANDAKI 9

"Tisa," alisema Hamduni. "Bosi, tisa ndiko alikokuwa Chengula."

Chengula alikuwa mpimaji. Mwezi uliopita walisema ametoroka na mwanamke hadi mji uliojengwa huko juu mwezini. Mkewe alikuwa akija getini kila Jumatatu kuuliza, na Ngwandu mwenyewe ndiye aliyemwambia, huku akicheka: "Mumeo kapata wa kuelea naye."

"Sioni kilichoandikwa," alisema Ngwandu. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kuzeni maandishi."

"Hayakuzwi tena. Nitakusomea."

Naelijwa alimsomea neno kwa neno. Alipofika mwisho akaanza tena, mpaka mkuu wa zamu alipoinua mkono kumwomba anyamaze.

Ilikuwa Jumatatu. Kupitia kipaza sauti cha geti walimsikia mwanamke akibishana na roboti la ulinzi. Alikuwa anaitaja namba ya kazi ya mumewe, taratibu, kama mtu aliyezoea kuirudia.

"Mhandisi," alisema Ngwandu, "wewe unajua kueleza. Nenda wewe."

"Nimekusomea mara mbili," alisema Naelijwa, akamfungulia mlango. "Sasa huhitaji macho. Nenda ukamwambie."