Mlinzi wa Tupi

Kisu kilikuwa kimeshuka. Si sana, unene wa ukucha tu, lakini Wilondja hakuwa fundi wa jana, na mkono wake mwenyewe ndio uliokaza ile nati kabla hajaenda kunywa maji. Akakipandisha tena, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akapitisha kipande cha ubao cha kujaribia. Mfereji ukachimbika pale kisu kilipotaka, si pale alipotaka yeye.

Tupi ni mashine isiyo na utani. Mhimili wake umesimama katikati ya meza ya chuma, visu vimebanwa kwenye mhimili, na vikizunguka huvioni tena. Unaona ubao tu, unaingia mnyoofu na kutoka na umbo. Mlango wa pano, ule wa vipande vya ubao vilivyopachikwa ndani ya fremu, unataka visu vya aina mbili: vya kuchimba mfereji, na vya kuchonga ulimi wa kuingia humo. Vikipishana kidogo, mlango haukai sawa, na fundi anachekwa mji mzima wa Baraka.

Na mashine yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu Bonaventure, aliyeizika chini ya sakafu ya karakana hiyo hiyo wakati wa vita vya waasi wa Mulele, akavuka ziwa, akafia ng'ambo. Miaka kumi baadaye mkubwa mmoja wa Chama tawala alitaka milango ya nyumba yake mpya kule Fizi mlimani. Wilondja akaifukua bila kumuuliza mtu, akaipaka grisi, akaifunga mkanda wa motere. Lisilo budi hutendwa.

Sasa visu vilikuwa vinahama kila akigeuza mgongo, na milango ilichelewa. Mkubwa hakupiga kelele. Alituma watu wawili wenye bunduki, wakamchukua Georgette, mke wa Wilondja, akiwa na unga wa muhogo mikononi. "Milango ikifika, bibi yako atarudia," walisema, wakaenda naye kwenye kasho, jela ya Fizi.

Siku hiyo Wilondja aliacha kubishana na mashine. Aliviacha visu viende vinakotaka, akavifuata, naye akaona ajabu: kila ulimi uliingia mferejini bila nyundo, kila pano ilitulia mahali pake. Hakuwahi kutengeneza milango mizuri namna ile. Angefurahi, kama asingekuwa anasikia harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo jipya, ikitoka chini ya meza ya chuma.

Kamyo ya kubeba milango ilikuja mchana kweupe. Wapagazi wawili waliinua mlango wa kwanza, wakafika kizingitini, wakasimama.

"Endeleeni!" alisema Nicolas, shofere wa kamyo.

"Patron, miguu inakataa," mmoja alinong'ona, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

Motere ilikuwa imezimwa na mkanda umevuliwa, lakini nyuma yao tupi ilianza kuzunguka, kwanza polepole, halafu kwa kasi, ikilia kwa sauti nyembamba iliyoingia kwenye meno, na kadiri wale wapagazi walivyousukuma mlango kuelekea nje ndivyo sauti ilivyopanda na harufu ya udongo ilivyozidi, mpaka vidole vyao vikafunguka vyenyewe, mlango ukaanguka ndani, nao wakakimbia mikono mitupu bila kuzuiwa na kitu.

Wilondja akamwita Mama Pulchérie, mjane wa Bonaventure. Bibi kizee aliingia, akanusa, akashika kichwa.

"Sema polepole," alisema. "Iko anasikia."

"Nani, mama?"

"Mulinzi. Jini la mu ziwa. Bonaventure alimutoa kwa mufumu, muganga wa Kazimia, akamwambia: kitu cha humu kisitoke mpaka nitarudia. Hakurudia. Na hakuna muntu alimwambia huyu mulinzi kama vita iliisha."

"Tumwambie basi!"

"Nilishamwambia, baba. Analia tu. Hawezi kuacha zamu bila muntu wa kumupokea."

Wilondja alitazama milango. Akilini alimwona Georgette amelala juu ya saruji baridi ya kasho, na hofu yake ikashindwa na huruma.

"Mi nitapokea."

"Usifanye haraka, mutoto wangu."

"Mama, milango itoke leo!"

Bibi akamwaga maji ya ziwa juu ya mhimili, akainama kama anayesikiliza mgonjwa.

"Iko anauliza: ukipokea zamu, weye utalinda nini?"

"Nilinde nini, mama? Mi sina kitu. Niko na Georgette tu."

Mama Pulchérie akamrukia kumziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tupi ikanyamaza. Kitu cha baridi kikapita kati yao, na huko nje vumbi likainuka na kukimbilia ziwani, kama mtu aliyeruhusiwa kwenda kwao. Wapagazi wakarudi, milango ikatoka yote, myepesi kama mikeka. Bibi alilia akiitazama ikipakiwa. Wilondja hakuelewa, mpaka alipotaka kuifuata kamyo na miguu yake ikafia kizingitini.

Kesho yake Georgette alikuja mbio kwa barabara, amekonda, kitenge kimechafuka, akicheka na kulia kwa pamoja. Watu walikuwa wamemweleza kwamba mumewe haonekani nje, na yeye akadhani anaumwa, akazidisha mbio, naye Wilondja akamwona kwa mbali na moyo ukampasuka kwa furaha na papo hapo kwa hofu, maana alielewa sasa kilio cha bibi, kwamba anayelindwa akiingia humu hatoki tena, akafungua kinywa kumpigia kelele asiingie, arudi, aende kwa mama yake, aende popote, na kilichotoka kooni mwake ni ile sauti nyembamba ya visu vinavyozunguka.

"Baba, nimerudia!" alisema Georgette. "Mbona unanitazama hivyo?"

Akaingia, akamkumbatia. Juu ya bega la mkewe Wilondja aliuona mkono wake ukinyooka wenyewe, ukasukuma mlango wa karakana taratibu, ukaufunga.