Malengelenge ya Mnara wa Tano

Kinusaukuta, kiroboti cha kukagua kuta, kilipanda ukutani kama mjusi, kikasimama juu ya lengelenge la rangi kubwa kuliko yote, kikalipasua kwa wembe wake mwembamba. Rangi ilining'inia kama ngozi iliyoungua. Mhandisi Zamoyoni Mbena aliinama kutazama.

"Hapo ndipo penye jibu," alimweleza mwenye nyumba hiyo ya Mnara wa Tano, Bi Sijaona. "Ukikuta chini yake rangi ya zamani, kosa ni la kupaka: palikuwa na vumbi au mafuta, rangi haikushika. Ukikuta plasta tupu, maji yanatoka ndani ya ukuta."

Palikuwa na plasta tupu, nyeusi kwa unyevu, na ilinuka.

Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuliona jiji la Mkungu. Minara yake kumi na miwili ilijengwa kwa zege hai, lenye vijidudu vinavyoamka kila penye ufa na kuuziba vyenyewe. Zege hilo lilidai jambo moja tu: likauke kabisa kabla ya kupakwa rangi. Likifungiwa na maji yake, vijidudu hukosa hewa, vikaanza kula nondo. Mnara wa Pili uliliwa hivyo kimyakimya, ukaanguka, ukaua watu sitini na mmoja.

Aliyefungwa kwa vifo hivyo alikuwa Chande, fundi msimamizi, mume wa Bi Sijaona. Roboti ya kupaka rangi, yaani mpakarangi, haikuruhusiwa kuanza ghorofa yoyote kabla ya kumuuliza fundi kwa redio. Kumbukumbu yake iliandika: fundi amethibitisha ukuta umekauka. Chande aliapa kwamba hakusema hivyo. Alifia gerezani mwaka wa nne. Ripoti iliyomfunga aliiandika Zamoyoni, na sasa mjane alikuwa akimmiminia chai bila kujua anamkirimu nani. Kwa aibu Zamoyoni alikiweka kikombe chini bila kuonja.

"Mnara huu nao alisimamia yeye," alisema Bi Sijaona. "Muulize huyo mdudu wako kama hapa napo alidanganya. Majirani hawaniamkii, mhandisi. Nikiingia kwenye lifti, wao wanatoka. Nataka nijue niliolewa na mtu gani."

Safari hii Zamoyoni hakuridhika na maandishi. Aliomba sauti yenyewe. Wakati wa kesi kampuni ilizifungia sauti ikidai ni siri ya biashara, naye hakubisha. Mashine ilikuwa imesema, nani angeitilia shaka?

Kinusaukuta kilitafuta kwa muda katika kumbukumbu zilizofunguliwa tangu hapo, kisha mpakarangi ikasikika, laini na yenye adabu: "Ukuta haujakauka?"

Sauti ya mwanamume, ya uchovu, katikati ya kelele za matoroli: "Ndiyo."

Ukafuata mlio wa rangi ikinyunyizwa.

Mtoto yeyote wa Mkungu angemwelewa Chande: ndiyo, ni kama ulivyosema, haujakauka. Lakini mpakarangi ilifunzwa kufikiri na watu wa mbali, ambao kwao mtu akiulizwa hivyo na akaitikia ndiyo, maana yake ukuta umekauka. Chande alikuwa ghorofa za chini, akiamini mashine inasubiri. Minara kumi na miwili, swali lile lile, jibu lile lile.

"Si amesema haujakauka?" Bi Sijaona aliuliza.

"Amesema."

"Wewe umesikia, na mimi nimesikia. Wao kwa nini hawakusikia?"

"Hawakusikiliza. Mimi sikusikiliza. Ile ripoti niliiandika mimi, Bi Sijaona."

Mjane aliweka birika chini.

"Siku ya mwisho kwenda gerezani nilimwambia, ungama baba, Mungu husamehe. Akaniangalia tu. Sikurudi tena. Mwaka mzima alikuwa hai, dada, na mimi sikurudi."

Kinusaukuta kililia. Kilikuwa kimemaliza kupima: nondo zilizobaki hazikufika theluthi, watu wote watoke kabla ya adhuhuri. Dakika chache baadaye korido ilijaa magodoro, vilio vya watoto, na watu wakiulizana waende wapi. Minara mingine nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo. La kuvunda halina ubani.

"Inuka, tutoke," alisema Zamoyoni.

"Rudisha."

"Bi Sijaona, mnara huu..."

"Rudisha, nimesema! Miaka sita sijaisikia sauti ya mume wangu."

Zamoyoni alirudisha. Chande akaitikia, ukweli mtupu, katika neno moja. Bi Sijaona alinyoosha kidole tena, na Zamoyoni akarudisha tena, huku vishindo vya watu vikiteremka ngazi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.